Birika la Baba Yako Limepona

Morioka,
18 Novemba

Mpendwa Sawako,

Kosa wanalofanya wengi wakiona wekundu wa kutu ndani ya birika la chuma ni kulisugua. Wewe umelifanya, mimi nililifanya nikiwa bibi harusi, na mama mkwe akaninunia wiki nzima. Nimetanguliza hilo upate kupumua. Sasa salamu.

Hujambo, mwanangu? Mumeo Noriyuki na mtoto Kanae hawajambo? Huko Kagoshima nadhani bado mnatembea bila koti. Huku mlima umevaa theluji hadi kifuani, na magoti yangu yananung'unika kwenye kila ngazi. Zaidi ya hapo mimi ni mzima, na figili nimekwisha kuzitundika barazani zikauke.

Boksi lako lenye birika lilifika Jumanne. Barua iliyokuwamo niliisoma nimesimama. Unasema umeharibu kitu cha mwisho alichokitengeneza baba yako kwa mikono yake, tena kwa ajili ya harusi yako. Sikukulaumu. Mimi ni dada yake, na hata mimi niliogopa kuinua kifuniko. Kalibu ya udongo, ile iliyomiminiwa chuma kikapata umbo, ilikwisha kuvunjwa, na ndugu yangu Eikichi tumemzika. La pili halipatikani.

Nikalifunga kwa kitambaa, nikalipeleka kwa Mzee Kudo, aliyefanya kazi karakana moja na baba yako miaka thelathini. Alichungulia ndani, akanitazama.

"Mwalimu, huyu mtoto alikuwa anasugua birika au anachimba kisima?"

"Usinicheke, Kudo. Niambie, limekufa?"

"Birika hufa likitoboka. Hili lina homa tu. Lete majani ya chai uliyokwisha kunywa. Najua unayo, tangu lini wewe ukatupa kitu!"

Ngoja nikueleze, maana ualimu haujanitoka. Birika likishatolewa kwenye kalibu huchomwa upya kwenye makaa mpaka liwe jekundu kabisa. Moto huo huliachia ngozi nyembamba ya kijivu, nayo ndiyo inayozuia kutu. Brashi yako ya waya iliichubua ngozi hiyo. Ndiyo sababu kadiri ulivyosugua, ndivyo wekundu ulivyozidi.

Tuliyafunga majani kwenye kitambaa, tukayachemsha ndani ya birika taratibu kwa nusu saa. Maji yalitoka meusi kama wino, nikashika kichwa. Kudo akaniambia nikae chini, ndivyo inavyotakiwa: ukali wa chai hushikana na kutu, vikawa utando mweusi unaoganda palepale kwenye jeraha. Tukamwaga, tukarudia. Mara ya tatu tulichemsha maji matupu, akayamimina kwenye kikombe cheupe.

Yalikuwa maangavu, Sawako. Nilikiona kitako cha kikombe.

Akanywa yeye kwanza. "Matamu," akasema. Nikabaki pale sakafuni nacheka peke yangu.

Jambo moja zaidi. Vile vinundu vya nje, vilivyo kama punje za mvua ya mawe, baba yako alivichoma kimoja kimoja kwa kijiti kwenye udongo mbichi wa kalibu. Karibu na mdomo wa birika kuna safu moja iliyokwenda upande. Kudo aliipitishia kidole, akasema, "Hapa Eikichi alipiga chafya." Haikuwa chafya. Majira yale ya baridi mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, naye hakutaka ujue kabla ya harusi. Angeweza kulainisha udongo na kuanza upya. Kudo anasema baba yako alimwambia, "Iache. Atajua ni langu."

Basi birika linarudi kwako pamoja na barua hii. Ndani utaona madoa meusi, na pengine wekundu kidogo utabaki. Usiuguse. Maji yakiwa maangavu, birika ni zima.

Nisalimie Noriyuki, na Kanae mwambie ile barua yake yenye picha ya paka nimeibandika jikoni. Mzee Kudo anakusalimu na kusema brashi hiyo uitumie kwenye viatu. Nyumba yenu iwe na joto, na lala usingizi sasa, mwanangu.

Ni mimi shangazi yako, anayekupenda tangu hujaota meno,
Fumie

Tena: leo hii chemsha maji humo, yamimine yote yakiwa ya moto, kisha acha kifuniko wazi mpaka birika likauke.