Namba Yako Kwenye Kiatu Changu

Mitwero, Lindi
17 Septemba 2003

Mpendwa Dada Consolata,

Shikamoo. Natumaini u mzima hapo Njinjo, na mguu wa mama umeanza kukanyaga chini. Sisi hatujambo, ila mimi nina habari zinazoninyima hata usingizi.

Dada, mbio za Jumapili zilifana, na mimi nilikimbia! Kila mkimbiaji alifunga chipu kwenye kamba za kiatu, kiduara cha plastiki kisicho hata na betri. Mwalimu Evaristo alitueleza kwamba ndani mna waya mwembamba uliozungushwa, na punje yenye namba. Barabarani ulitandikwa mkeka wa mpira unaotoa mawimbi ya redio. Ukiukanyaga, ule waya unapata nguvu kutoka kwenye mawimbi hayo, punje inaamka na kutaja namba yake, na kompyuta inaandika muda palepale. Sikuamini. Nilipita juu yake mara tatu, ukalia mara tatu, mpaka nikafukuzwa.

Mwanzoni nilibanwa nyuma kabisa. Wenzangu walishaondoka nilipoukanyaga mkeka. Nikakaza! Nilimaliza wa nne, nikajua basi tena. Kumbe kila mtu alihesabiwa tangu alipoukanyaga mwenyewe. Kompyuta ikanipandisha hadi wa pili, mwenzako wa mazoezini, Jenipher, akashuka kutoka wa pili hadi wa tatu. Watu walipiga vigelegele!

Sasa dada, shika moyo. Jina lililotangazwa ni lako. Ile chipu uliyoniachia niirudishe ulipokwenda kumuuguza mama, sikuirudisha. Niliificha, nikaivaa, na walipokuita nikapanda kuchukua medali yako ya fedha. Hapo Njinjo wakikupongeza, ujue sababu.

Jumatatu nilishindwa kuvumilia, nikamwendea Mwalimu. Aling'aka: “Anjelina, ile chipu inajua namba, haijui mguu! Mguu ni wa nani, ulipaswa kusema wewe!” Matokeo yangu yamefutwa, na Jenipher amerudi wa pili. Medali nimempelekea Jenipher kwao kwa mkono wangu. Aliipokea, halafu akaniuliza kama nitakuja mazoezini, maana anataka kunishinda barabarani, si kwenye karatasi. Mwalimu amekubali, na jana aliniandika kwenye orodha ya mazoezi: Anjelina, kwa jina langu.

Nisamehe, dada yangu. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, lakini uje unione nikikimbia.

Mpe mama shikamoo yangu, umbusu na mtoto Dismas. Baba na majirani wote wanakusalimu.

Mdogo wako akupendaye,
Anjelina