Mgongo Wangu, Mtumbwi Wangu

Rukuba, 4 Machi 2024

Mwanangu Rebeka,
Hujambo? Wajukuu zangu wameamkaje huko Bunda? Mimi napumua, ila mgongo umenikamata. Niliinua gunia la dagaa, nikasikia kitu kimeachia kiunoni, moto ukashuka mpaka kwenye unyayo. Shemeji Gasper anataka nimkabidhi mtumbwi alioniachia marehemu baba yako, eti mimi nimeshaisha. Nimemwambia asubiri anizike kwanza.
Mama yako

Bunda, 10 Machi

Mama, shikamoo.
Sisi wazima, ila usingizi sina. Baba mdogo Gasper amenipigia, anataka nikushawishi. Mtumbwi mwachie tu! Njoo ulale kitandani mpaka upone. Hapa kuna zahanati wana mashine ya kuvuta mgongo.
Mwanao Rebeka

Musoma, 29 Machi

Mwanangu,
Salamu nyingi. Nimekuja Musoma, siyo Bunda, usininunie. Kule Rukuba, kambini kwa wavuvi, nilichuliwa mgongo. Nikapata nafuu, kesho yake maumivu yakarudi. Mkanda wa kiuno unanifaa safarini tu. Vidonge vinaniunguza tumbo.

Daktari kasema diski ya uti wa mgongo imetokeza, inabana mshipa wa fahamu. Nikamuuliza, "Kisu?"

"Bado. Wengi wanaponaga bila kisu. Ila mkojo ukikushinda, au miguu ikiishiwa nguvu, kimbia hospitali siku hiyohiyo."

Hyasinta, anayefundisha mazoezi, anasema mashine yako huenda ikatuliza kidogo, ila haina uhakika. Na kulala ndiyo kabisa! "Mama, kitanda kitakumaliza." Basi narudi Rukuba na mazoezi yangu.
Mama yako

Bunda, 2 Mei

Mama, shikamoo.
Mbona kimya? Baba mdogo anasema huwezi hata kusimama, na Jumapili wazee wanamkabidhi mtumbwi. Nije kukuchukua?
Mwanao Rebeka

Rukuba, 9 Mei

Mwanangu,
Wote hamjambo? Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa vitani. Kwenye kikao walinisogezea kiti, nikakikataa. Nilisimama mpaka mzee wa mwisho alipomaliza kusema.

Gasper akadakia, "Huyu kila asubuhi analala kifudifudi mchangani, anainua kifua kama kenge!"

"Kenge huyo ndiye mwenye mtumbwi," nikamjibu.

Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtumbwi umebaki kwangu.

Sikudanganyi, mguu bado unachoma siku nyingine. Lakini natembea ufukwe mzima, na mazoezi siachi. Magunia ndiyo siinui tena. Jana Gasper alikuja kuomba kazi. Nimempokea. Mgongo wake ni mzima.
Mama yako