Mganga Aliyelala Nyumba ya Wageni

Mwanangu Chiriku,

Huku hatujambo, ila bomba la jikoni bado linavuja.

Tangu tumzike mama yako, nacheza ule mchezo wake wa video wa kizamani, wenye vijitu vya mraba na muziki wa vikengele. Wahusika aliwapa majina yetu. Ngoja nikueleze: wanatembea kwa msururu, Baba mbele, Mama nyuma. Jana popo walimuua Mama. Kumbe humu mtu akifa haondoki. Anageuka kivuli cheupe na kuendelea kukufuata. Nikisimama, naye anasimama.

Wa kumfufua ni mganga tu, na mganga ni wewe. Mlipogombana, mama yako alikulaza humo mchezoni, katika nyumba ya wageni, akakuvika vazi bora kuliko yetu. Kila nikipita, mwenye nyumba huuliza: "Mwenzenu bado amelala. Tumwamshe?"

Shangazi yako ananicheka: "Bonyeza basi, kaka, mchezo tu huo!"

Sijabonyeza. Mazishini hukuja, nami sikuulizi. Ila kitufe hicho ni chako. Njoo ukibonyeze mwenyewe. Tumesimama wawili mlangoni pa chumba chako.

Ni mimi, baba yako.