Leo Hatuizimi Mashine, Baba Felisiani

Marehemu Felisiani Ndihokubwayo
Nyakitonto, Kasulu
Kufariki: 17 Machi 1998 – Kuganduka: 17 Machi 1999

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu tulipokufumba macho katika chumba cha uani, nyumba nzima ikiwa kimya. Leo ni siku ya kuganduka, tunaondoa matanga yako. Kwa desturi yetu, mwenye neno na marehemu hulisema siku hii mbele ya watu, kisha nguo zake zinagawiwa. Sisi wanao na mama yetu tunalo neno, na ni zito. Tumeona tuliandike, majirani nao walisikie.

Kwanza tuseme ulivyokuwa. Kwa miaka ishirini na miwili ulisaga mahindi na mihogo ya Nyakitonto. Nyusi zako zilikuwa nyeupe kwa unga kabla hazijawa nyeupe kwa umri. Vikongwe uliwasagia kwanza, hata foleni ikinung'unika vipi. Kwa sauti ya mashine tu ulijua kwamba mahindi hayajakauka, ukaizima na kusema, "Mama, haya bado yana maji. Kayaanike siku mbili, uje tena." Mwanao Bazilio alipokuwa mdogo na mbishi, ulimwambia mashine ina adabu kuliko yeye, maana ukiizima inanyamaza. Hilo bado linatuchekesha.

Mashine hiyohiyo ndiyo iliyokupa mlio wa masikioni. Ulisema ni kama nyenje mmoja aliyeingia masikioni na hataki kutoka. Mama alikutia mafuta ya kondoo, kanisani wakakuombea mara tatu, hospitali wakakuambia hakuna wanachokiona. Ulivumilia, ukaendelea kusaga.

Halafu sisi tukaingilia. Tulidhani kelele ndiyo adui yako. Bazilio akashika mashine, wewe ukakalishwa nyumbani. Mama akahamishia kinu kwa jirani ili mtu asitwange karibu yako. Wajukuu walitembea kwa ncha za vidole, jogoo akachinjwa. Tulijisifu kwamba tunakutunza. Kumbe mashine ilikuwa inaufunika ule mlio, na ukimya wetu ukauacha peke yake na wewe. Ulikonda. Siku moja ulimwambia Mama, "Esteri, nyumba hii inapiga kelele." Mama akatutazama sisi watoto kwa ukali, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefungua mdomo.

Ni Therese aliyekusaidia, yule muuguzi Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Masikio yake mwenyewe yalianza kulia siku bomu lilipoanguka karibu na soko la kwao, Uvira. Alifundishwa na daktari mmoja mgeni namna ya kuishi na mlio, naye akawa anawafundisha wenzake nyuma ya zahanati, chini ya turubai, kila Jumanne na Ijumaa. Ulikwenda kwa baiskeli, mvua au jua. Siku ya kwanza ulirudi ukatusimulia alichokuambia: "Papa Felisiani, ile kelele usipigane nayo. Iache tu ikae. Iko na nafasi yake, na weye uko na nafasi yako."

Basi ukawa unakaa barazani kila asubuhi, macho umeyafumba, mikono magotini. Ulitueleza kwamba unaanza na pumzi, inavyoingia na kutoka. Kisha unasikia mbuzi, upepo kwenye migomba, mashine ya Bazilio kule chini. Mwisho unausikia mlio wenyewe, ukiwa mmoja kati ya sauti nyingi. Hukuufukuza, hukuufuata. Kwa miezi miwili ulikula vizuri, ulilala, ulianza tena kumtania Mama. Tuliyaona haya kwa macho yetu, ndiyo maana hatuna pa kujificha.

Baba Mdogo Pasikali, mdogo wako, mzee wa kanisa, alikukuta barazani asubuhi moja. Akauliza, "Kaka, unasali?"

Wewe hukujua kudanganya. Ulijibu, "Hapana. Nimekaa tu na mlio wangu."

"Mtu hafumbi macho bure. Kama husali kwa Mungu, unamfungulia nani mlango?"

Neno hilo lilifika kanisani kabla yako. Tukakaa kikao cha ukoo, ukatakiwa uache. Mama alilia. Mimi Kezia, mwanao mkubwa, niliyekuona ukipona, nilinyamaza, kwa sababu niliogopa watu watasema nini. Ulitutazama mmoja mmoja, ukasema, "Basi. Nimeacha." Baiskeli ukampa Bazilio.

Zilipokuja mvua zile kubwa za El Nino, homa ikazunguka kila nyumba. Ilikupata Machi. Vidonge vya kwanza havikusaidia, ukaandikiwa kwinini. Tuliuona uso wako ulipoisikia hiyo kwinini, maana uliwahi kuinywa zamani na masikio yakalia hadi ukashindwa kusimama. Mama alikuletea dawa na maji asubuhi, mchana na jioni. Kila mara ulisema, "Nimemeza."

Siku ya nne uliniita. "Kezia, fungua mlango. Mwambie Bazilio awashe mashine niisikie."

Nikakujibu, "Pumzika, Baba." Nikaenda kumwambia Bazilio aizime kabisa, wateja warudi nyumbani, Baba apate usingizi. Aliizima. Ukimya ulikuwa mkubwa mno siku ile. Kesho yake alfajiri ulikuwa umeondoka.

Wiki iliyopita tulifungua sanduku tutoe nguo zako za kugawa. Katika mfuko wa ndani wa koti lako la kaki, Mama alikuta karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na vidonge kumi na viwili vya kwinini, vyote vizima. Mama alikaa chini pale pale, akalikumbatia koti. Nasi tukaelewa, Baba. Hukutaka kufa. Uliogopa kwamba ule mlio utarudi kwa nguvu, na tulikuwa tumekunyang'anya kitu pekee ulichokuwa nacho cha kukaa nao.

Nilikwenda kwa Therese kumweleza. Alilia kwanza. Halafu akasema, "Mulio wa kwinini unapita, mama. Mutu akimaliza dawa, unashuka. Angekuya, ningekaa naye mpaka ushuke. Na mie sikumufuata, nilizania amepona." Hakutulaumu. Ingekuwa nafuu kama angetulaumu.

Tulipokaa kuandika tangazo hili, tulitaka kuficha mambo ya kikao kwa heshima ya ukoo. Ni Baba Mdogo Pasikali aliyekataa. Alisema, "Andikeni jina langu. Kaka aliniambia ukweli, mimi nikaugeuza kuwa dhambi." Tumeliandika, na yetu tumeyaandika pembeni yake, maana hakuwa peke yake kwenye kikao kile.

Tusamehe, Baba. Tulikupenda, na kwa kupenda kwetu tukakufungia mlango. Kama yupo mtu huku Kasulu au Kibondo anayesoma haya na masikio yake yanalia, asione aibu kusema. Na walio naye nyumbani wamuulize anataka nini, kisha wamsikilize anachojibu, kwa sababu sisi hatukuuliza.

Koti la kaki halitagawiwa. Mama amelitundika barazani, juu ya kiti chako. Therese amekubali kuja leo kutufundisha kukaa kama alivyokufundisha wewe. Siku ya kuganduka mashine hufungwa, lakini tumekubaliana tofauti, na Baba Mdogo ndiye atakayekaa mbele. Tutafumba macho kama ulivyokuwa ukifumba, tusikilize mbuzi na upepo na kila kinachosikika. Atakayelia, alie.

Unakumbukwa na mkeo Esteri. Wanao Kezia na Bazilio. Mdogo wako Pasikali. Wajukuu zako, ambao sasa wameruhusiwa kukimbia ndani ya nyumba. Vikongwe wote wa Nyakitonto uliowasagia kwanza. Na Therese wa Nyarugusu.

Hatutakusahau siku zote tulizobakiwa nazo. Bazilio atawasha mashine saa tatu asubuhi, Baba, na mlango utakuwa wazi.