Kwa Baba Atieno, Niliyemweka Jukwaani

Mpendwa Baba Atieno,

Nakuandikia nikiwa darasani, wanafunzi wameshakwenda nyumbani. Barua hii naiacha wazi, asome atakaye, kwa sababu nilikuaibisha mbele za watu na sioni haki kukuomba radhi kwa kunong'ona.

Ulipokuja shuleni kwetu, nje kidogo ya mji wa Migori, ulikuja kutengeneza madawati. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni kutoka Kendu Bay, binti wa karani, mwenye viatu vya kisigino na Kiingereza kingi. Wewe ulikuwa umetoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Masara, ukajifunza useremala kwa kutazama mikono ya wengine. Nilihamisha kiti changu karibu na dirisha, nikajifanya nasahihisha madaftari, kumbe nakutazama ukipiga randa. Jasho lilikushuka mgongoni na mimi nikaandika alama ya kosa kwenye hesabu zilizokuwa sahihi.

Nikakuandikia barua, ya Kiswahili. Siku tatu hukujibu. Siku ya nne ulikuja mlangoni watoto wakiwa wamekwenda kuteka maji, ukaitoa mfukoni imejaa vumbi la mbao.

"Nyar Kendu," ukaniambia, yaani binti wa Kendu, na tangu siku hiyo hukuniita jina lingine. "Hii barua nimeangalia sana. Sasa wewe nisomee."

Ulikuwa umeishika juu chini.

Nikasoma maneno yangu mwenyewe kwa sauti, masikio yakiniwaka moto. Nilipomaliza ukasema, "Rudia pale katikati." Nikarudia. Halafu ukaniomba jambo moja tu, kwamba mtu yeyote asijue kuwa hujui kusoma. Nikakuapia.

Baba yangu aliposikia kwamba tunataka kuoana alipiga meza. "Nimekusomesha ili uolewe na mtu anayefukua ardhi kama kuku?" Nikamjibu kwamba nitaolewa na wewe ama sitaolewa kabisa. Watu waliniita jasiri, nami nikajiona jasiri. Lakini nilipowaona walimu wenzangu wakikutazama mikono siku ya harusi, niliwaambia pembeni kwamba nilikuonea huruma. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza juu yako. Huruma haikuwapo. Nilikutamani mpaka nikashindwa kula, na niliona aibu kwamba mwanamke aliyesoma anaweza kumtamani mtu wa mashimo kiasi hicho.

Tulikaa katika nyumba ya mwalimu. Ulitengeneza kitanda, meza, na kiti kidogo cha Atieno kabla hajazaliwa. Lakini nyumba ilikuwa ya shule, imeandikwa jina langu, nami sikukuacha usahau hilo. Wageni walipokuja nilisahihisha Kiswahili chako. Ukisema "sule", mimi nasema "shule", nikitabasamu, na wewe unarudia kwa upole kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku mkaguzi alipokuja kunywa chai nilikuomba ukakae jikoni. Jikoni, Baba Atieno, mahali ambapo mwanamume wa kwetu hakai. Ulikwenda. Nilikusikia ukikohoa kwa moshi huko nyuma huku mimi nikimwambia mgeni kwamba bwana yangu amesafiri.

Mkaguzi alipoondoka nilikuja kukushika bega, nikitaka yaishe kwa kukumbatiana kama ilivyokuwa kawaida yetu. Nilijua kwamba nikikugusa utalegea. Ulikuwa na nguvu kuliko mimi, na mimi nilikuwa na mamlaka juu ya nguvu zako, na jambo hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotaka kukiri. Siku hiyo uliondoa mkono wangu.

"Mimi ni bwana yako jikoni tu?" uliuliza.

Nikakasirika. Badala ya kukujibu nikanyamaza wiki nzima, kwa sababu nilijua kimya changu kinakuumiza kuliko matusi.

Uhuru ulikuwa bado mpya wakati chama chetu cha akina mama kiliponiomba niandike mchezo wa kuonyeshwa Homa Bay, siku ambayo wakubwa wangekuja. Nikaandika mchezo wa mwalimu na mume wake mjinga. Wewe nilikuambia tu kwamba ni mchezo wa mke na mume.

Ulifurahi sana. "Nitawajengea jukwaa," ukasema, ukapanda lori na mbao zako mpaka Homa Bay, siku mbili kabla yetu.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyecheza mume. Hakuwa na koti la kufaa, nikamwazima lako la zamani. Bado najaribu kujiambia kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Nilijua lingempendeza kwa sehemu ile.

Ulikaa mstari wa mbele kwa sababu mafundi walipewa heshima hiyo. Mume akaingia, akasema "samba" na "sule", ukumbi ukacheka na wewe ukacheka pamoja nao. Kisha mke akampa barua. Mume akaishika juu chini, akakunja uso, akatikisa kichwa na kusema, "Nimesoma yote. Ni barua mzuri."

Watu walicheka hadi wengine wakasimama. Mtu mmoja nyuma yako akapaza sauti, "Fundi, si hilo ni koti lako?" Nilikuona kutoka pembeni ya pazia. Kicheko kilikuwa bado usoni mwako, kimesimama tu, hakina mwenyewe.

Wakubwa walinipa mkono. Walipoondoka nilikukuta unalibomoa jukwaa, unang'oa misumari mmoja mmoja na kuinyoosha juu ya jiwe, kwa kuwa mbao zilitakiwa kurudishwa.

"Jukwaa haikuyumba?" ukaniuliza bila kuinua kichwa.

"Haikuyumba," nikajibu, safari hii bila kukusahihisha.

"Basi kazi yangu imeisha."

Hukurudi nasi. Nilipofika nyumbani nilikuta umepita mbele yangu, umechukua sululu na blanketi moja. Randa na misumeno yako uliviacha vimepangwa ukutani. Ulikuwa umerudi Masara.

Miezi mitatu nilingoja uje kuniomba. Uje kuniomba mimi! Nilipochoka nikakufuata, lakini sikukufuata kama mke. Nilipitia kwa chifu, rafiki ya baba yangu, akanipa askari kanga wawili, wale wa utawala. Nikafika mashimoni na viatu vyangu, askari mmoja kila upande, na wenzako wakaacha kazi kutazama. Ulipanda kutoka shimoni mwekundu kwa udongo. Askari akakuamuru ufuate mke wako nyumbani.

Uliwatazama wale askari, ukanitazama mimi. Ukasema kwa Kijaluo, polepole, ili nisipate la kusahihisha, "Ungekuja peke yako, ningekuwa nimeshatangulia njiani."

Ukashuka tena. Mimi nikageuka. Ningeweza kuwarudisha askari na kubaki pale, nikakaa juu ya kifusi nikikungojea mpaka jioni. Wazo lilinijia kabisa. Lakini watu walikuwa wananitazama.

Mvua za masika zilipokuja udongo ulilainika, ukuta wa shimo ukaanguka, nawe ulikuwa chini na wenzako wawili. Mmoja alitolewa hai. Habari ilinifikia nikiwa nafundisha, na nilimaliza somo. Sijui kwa nini nilimaliza somo.

Mama yako alinipokea kwenye mazishi kama mjane anayestahili kupokewa. Alinishika mikono akasema, "Mwanangu alikusifu sana. Hakuwahi kutuambia baya lako." Nilitamani anipige.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Atieno ameingia darasa la kwanza, yuko shuleni kwangu. Juzi mwalimu wake aliwataka watoto waseme kazi za baba zao. Atieno alisimama akasema, "Baba yangu alikuwa mwalimu." Mwalimu akaja kuniambia akicheka, akidhani ni ndoto za mtoto. Hazikuwa ndoto. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Hata baada ya kukuzika, bado nilikuwa nakuficha jikoni.

Nilimchukua Atieno tukaketi nyuma ya darasa, nikamweleza yote kwa maneno anayoweza kuyabeba. Mashimo, useremala, barua, jukwaa, askari. Alisikiliza akichora chini kwa kidole.

"Watu walimcheka baba?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Karibu wote."

Akaniangalia. Ana macho yako, na mtu hawezi kuyadanganya mara mbili.

"Na wewe, mama, ulicheka?"

Nikamwambia kweli, na leo nakuambia wewe na kila aliyekuwapo siku ile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nimeziba mdomo kwa mkono ili wanaoigiza wasinisikie. Nilicheka.

Pumzika, bwana yangu.

Ni mimi mkeo,
Mama Atieno