Taa Niliyoizima Njia ya Kiwira

Mjukuu wangu Tusajigwe,

Ndaga, asante kwa barua yako. Bibi yako hajambo, goti tu ndilo linamsumbua, na ng'ombe wetu amezaa dume. Umeniuliza kama ukitoka zamu usiku, peke yako na baiskeli, upite bila taa ili vibaka wasikuone. Usithubutu. Mimi nilijaribu.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa, malori ya watu binafsi yakaanza kufuata ndizi Kiwira. Alfajiri moja yenye ukungu nilifunga mikungu miwili kwenye baiskeli nikatoka hapa Bulyaga. Kwa kuogopa wezi, nikaondoa dainamo kwenye tairi, taa ikazimika, nikateremka kimya kama paka. Kwenye kona nikawavamia akina mama waliojitwika ndizi zao, nikatumbukia mtaroni.

"Mwizi!"

Walinitandika humo humo hadi nilipotaja jina la baba. Mmoja wao, mtu mzima, akanivuta mkono huku akicheka. "Sasa baba, mtu mwema unakuja kimya hivyo, tukujueje?"

Tangu siku hiyo taa yangu iliwaka. Na kwenye milima, nilipokokota baiskeli na dainamo haina nguvu, niliimba wimbo wa kanisani. Wale akina mama waliniitikia kutoka gizani.

Kwa hiyo washa taa, mbele na nyuma. Na mlinzi wa usiku anayekaa kona ya kwenu, msalimie kwa jina lake kila usiku. Siku usipopita, yeye ndiye atakayeuliza kwanza.

Babu yako,
Bulyaga