Jasusi Anamlisha Mama Mkwe Supu

Subukia, Jumamosi usiku

Leo ukumbini nimewatafsiria watazamaji picha mpya ya sinema ya jasusi neno kwa neno. Uongo mtupu! Kizungu changu kiliishia darasa la tatu. Nusu nilitunga.

Shida ni kwamba katika picha zote zilizopita, yule mama ambaye ni mdosi wake, yaani mkubwa wake wa kazi, nimewaambia watu ni mama mkwe wake, ndio wacheke akimwogopa. Sasa hii mpya imeninasa. Mama ni mgonjwa, na jasusi ameweka bunduki chini anamlisha supu kwa kijiko. Mama mkwe! Nani amewahi kuona mkwe akimkaribia hivyo?

Na Kamau, mwenye ukumbi wa video, alikuwa ameshaninong'onezea: "Mzee, wakikuzomea leo, natafuta mtangazaji mwingine Nakuru."

Nikashusha sauti. Nikamfanya jasusi aseme, "Mama, miaka yote nilikukwepa kwa heshima. Leo kula."

Halafu Mama Njoki, yule wa kunitukana kila wiki, akalia: "Na mkwe wangu hata simu hapigi!"

Walipiga makofi hadi mabati yakatetemeka.

Kamau, nitakukumbusha: siku ya mahari ya msichana wako ulitumia viti vyangu bure. Basi kesho baada ya kanisa rudia hiyo picha, nimlete mkwe wangu aliyeoa binti yangu akae mbele kabisa, naye ajifunze.